Ulimi Mfupi wa Njia ya Itungi

Siku yangu ya kwanza kwenye msumeno wa moto, Bwana Barabara, Mzungu aliyesimamia ufyekaji wa njia ya kwenda bandarini Itungi, alitulazia chini vyuma viwili. Hivyo ni vile vyuma bapa ambavyo mnyororo wenye meno huvizunguka. Sisi tuliviita ndimi. Mmoja ulikuwa mrefu na mwembamba, wa pili mfupi, mnene na mzito.

“Chagueni mmoja,” alisema. “Ulimi ukifa kabla ya Itungi, msumeno unarudi Mbeya na ninyi mnarudi kwenye mashoka.”

Msumeno wa wakati ule ulibebwa na watu wawili. Mimi nilikaa upande wa injini, na mwenzangu Ambokile alishika mkono wa nchani mwa ulimi. Yeye alitaka ule mrefu, umalize mti wa mvule kwa kukata upande mmoja tu, watu wakitazama. Mimi nilichukua tupa nikaipitisha kwenye kingo. Kwenye ule mrefu tupa iliuma, maana yake chuma ni laini. Kwenye ule mfupi iliteleza tu, chuma kimekomaa. Nikatazama na mfereji unamopita mnyororo: ulikuwa na kina, na umenyooka. Nikauchukua huo mfupi. Uzuri wa chuma si urefu, na nilikuwa na hakika kama ninavyojua jina langu.

Ambokile alininunia hadi Ngonga. Huko mafuriko yalikuwa yamepaka miti matope ya mchanga hadi kifuani, na mchanga hula ulimi kuliko mti wowote mgumu. Nikaagiza ndoo: kila mti uoshwe kwanza, ndipo ukatwe. Wanawake waliokuwa wakienda kwenye mpunga walisimama wakacheka, wakauliza kama tukimaliza tutaipaka na mafuta. Mimi nilicheka nao. Ila Ngonga ni ukweni kwa Ambokile, na shemeji zake walikuwa humo humo kwenye kundi.

“Gwe, mimi nimekuja ukweni kuogesha miti?” aliniuliza kwa sauti ya chini. Lakini aliosha.

Jua lilikuwa limepanda Bwana Barabara alipofika na kutukuta na ndoo. Mvua zilikuwa karibu, na bila njia ile mpunga wa watu ungeozea ghalani meli ikiondoka tupu. Akatuamuru tuache upuuzi, tukate. Nilikuwa natafuta maneno ya kumjibu kwa adabu, Ambokile akanitangulia.

“Bwana, ncha naishika mimi. Mti usiooshwa sikati.”

Kwa maneno kama hayo watu walifukuzwa kazi. Nikasimama karibu naye ili tukifukuzwa tufukuzwe wote. Bwana Barabara aliparuza gome kwa kidole, akautazama ule mchanga, akasema ulimi ukifa, wa kwanza kufukuzwa atakuwa Ambokile. Kisha akaingia kwenye gari lake.

Tulifika Itungi mvua ya kwanza ikianguka. Ulimi ulikuwa umepungua kingo, lakini umenyooka, kwa sababu kila asubuhi tuliugeuza juu chini ulike sawasawa. Msumeno ukabaki kwetu.

Nilimuuliza Ambokile kwa nini alinitetea, naye alikuwa amekasirika vile.

“Nimeaibika mbele ya shemeji zangu asubuhi nzima,” alisema. “Halafu nikubali kwamba ilikuwa bure?”

Baada ya hapo tulihamishiwa Tukuyu, kisha misitu ya Rungwe, chini ya mabwana wengi, na hakuna aliyewahi kututenganisha. Vijana wa sasa huniuliza ulimi gani unadumu. Nawaambia: pitisha tupa, tazama mfereji, osha mti. Hayo nayajua, na sioni haya kusema nayajua vizuri.

Ambokile alifariki mwaka niliostaafu. Nilikuwa nimeombwa kubaki kidogo, niwafundishe wengine. Nikakataa. Upande wa injini ningeweza bado, lakini kule nchani angesimama nani?