Kahawa Waliyomtafunisha Koku

(Msomaji huyu ni wa Karagwe. Jina lake tumelificha, la mtoto tumelibadilisha. Msome mpaka mwisho kabla ya kujibu.)

"Mambo ya mtoto yakimalizwa nyumbani, mtoto anapona na ukoo unabaki. Mahakama huacha chuki tu." Aliyeandika hayo ni mchangiaji mmoja wa ukurasa huuhuu, na wengi mkampigia makofi. Mimi ninaishi na mtoto ambaye mambo yake yalimalizwa nyumbani. Ngoja niwaeleze alivyopona.

Nina miaka hamsini na tatu, mjane. Nilifundisha shule ya msingi mpaka miguu iliponigomea, sasa nalima migomba na kahawa upande wa Nyaishozi. Pia najitolea kuwasindikiza mahakamani watoto walioumizwa au kutelekezwa. Silipwi, wala sina joho. Nakaa na mtoto, namzoesha kile chumba, namweleza hakimu ni nani, nahakikisha anachotaka kusema hakimezwi na maneno ya wakubwa.

Koku ana miaka tisa. Baba yake alifariki, mama akaolewa Kyerwa, yeye akaachwa kwa baba yake mkubwa. Siku moja huyo baba mkubwa alidai Koku amedokoa nyama. Akamshika mikono, akavikandamiza viganja vyake kwenye sufuria iliyotoka motoni. Nesi jirani ndiye aliyemfikisha hospitali na kutoa taarifa.

Ukoo ulipojua polisi wanakuja, uliwahi. Mtoto alipotoka tu hospitali, kikao kikaitwa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, watu wakanywa. Baba mkubwa akaomba radhi. Hakumwomba Koku, aliwaomba wazee. Kisha mzee wa ukoo, ambaye Koku anamwita Babu, akatoa kahawa.

Kwa msio wa huku: kahawa yetu tunaichemsha na maganda yake, tunaikausha, na mgeni anapewa atafune. Ndani ya buni moja mna punje mbili. Zamani watu wawili waligawana hizo punje kama kiapo, na aliyemgeuka mwenzake iliaminika atavimba tumbo afe. Kilikuwa kiapo cha watu wazima, kwa hiari yao. Wao walimpa mtoto aliyefungwa bandeji mikono yote miwili. Hakuweza kuishika hiyo punje, basi wakamwekea mdomoni. Nyingine akatafuna aliyemuunguza.

"Yameisha," wakasema, wakaendelea kunywa.

Haya ya kikao na kahawa sikuyajua ustawi wa jamii waliponikabidhi Koku akae kwangu wakati kesi inaendelea. Tulijiandaa vizuri. Nyumbani alinisimulia kuhusu mama yake, shule, mbuzi wao, na akacheka. Siku ya kesi hakimu, mama mpole kabisa, akamuuliza, "Koku, unajua kweli na uongo ni vitu tofauti?" Akatikisa kichwa kukubali. "Basi unaahidi kusema kweli?"

Koku akamtazama baba yake mkubwa. Akaweka mkono tumboni. Kimya. Hakimu akarudia, kimya.

Mtoto asipoahidi, ushahidi wake haupokelewi. Mwendesha mashtaka akaomba kesi iahirishwe. Nesi aliona vidonda tu, hakuona tendo; siku ya pili Koku akinyamaza tena, kesi itaanguka, na ndugu wameshasema wanamtaka "mtoto wao" arudi. Nje, baba mkubwa akanijia anacheka. "Shikamoo mwalimu. Si ulisema mtoto ana mengi ya kusema?"

Nyumbani ndipo Koku aliponiambia. "Bibi, tuligawana kahawa. Nikisema nitavimba."

"Nani amekwambia?"

"Babu. Alisema hata mtu akinilazimisha, nitavimba mimi, si yeye."

Mimi niliyesoma vitabu maisha yangu yote, mimi ninayebishana humu na kila mtu, nilichukua buni, nikatafuna punje zote mbili mbele yake. "Haya, tazama tumbo langu!"

Akanitazama kwa huruma. "Wewe hukugawana na mtu, Bibi."

Siku hizi akienda kuchota maji anazunguka mbali ili asipite kwenye mibuni. Akimaliza kula anapandisha gauni kidogo, anajipapasa tumbo.

Nikameza kiburi, nikaenda kwa yule mzee. Nilimwamkia, nikamsihi amfungue mtoto. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwalimu! Si wewe uliyesimama kwenye mkutano wa kijiji ukasema kahawa ni zao la biashara tu? Leo zao la biashara limekushinda?"

"Mzee, mtoto anaogopa kufa."

"Hufunguliwa mbele ya walewale walioona ikifungwa. Njoo kikaoni, upige magoti, useme kwa mdomo wako, Koku akisikia, kwamba kahawa ina nguvu. Tutaifungua."

Magoti si tatizo, nitapiga hata kwenye matope. Lakini nikilisema hilo, Koku ataliamini maisha yake yote, na kila mkatili wa Karagwe na Kyerwa atajua pa kukimbilia kabla ya polisi: kwenye kibakuli cha kahawa. Nisiposema, mtoto huyu atanyamaza tena, na atarudishwa kwenye lile jiko. Nimelia mpaka najichukia. Ninyi mngekuwa mimi, mngemwambia nini Koku?

Nawe mchangiaji uliyesema mtoto anapona, sikuombi ushauri. Nanyi wazee mliokaa kile kikao, najua wajukuu wenu watawasomea haya kwenye simu. Mlikuwepo. Mliona bandeji. Njooni kwangu kabla ya siku ya kesi, wote, hata bila yule mzee wenu. Mketi chini, mmtazame usoni, mmwambie kwamba aliyoyafanya baba yake mkubwa hayafunikwi na punje ya kahawa, na kwamba akisema hatavimba. Mimi nimemwambia, haniamini. Waliomwekea mdomoni ni ninyi.