Mbwa Kali wa Ruring'u

Nikinusa rangi ya mafuta, meno yangu huanza kugongana kwa baridi. Ilikuwa Julai, ukungu umelala mtaani kwetu Ruring'u kutwa nzima, na mibuni ya majirani iking'olewa ili ghorofa zijengwe. Msanii mmoja alikuja na ngazi, akamwomba landilodi wetu, mwenye nyumba tulimopanga, ukuta. Alisema atauchora mtaa kama unavyoonekana na mbwa, na mbwa aliyemchagua ni Bosco wa Cucu, nyanya yangu aliyenilea. Akamfuata Bosco akitambaa kwa magoti, nasi watoto tukamcheka mpaka mbavu zikauma. Picha ilipokamilika tulisogea kutafuta nyuso zetu. Haikuwa na uso wa mtu hata mmoja: gambuti, pindo za leso, magurudumu ya tingatinga, na mikono inayookota mawe. Pembeni ya picha alikaa Bosco mwenyewe, sikio moja limelala. Masikini, alikuwa mwoga ajabu. Kuku walimpokonya ugali naye akasogea kando kwa adabu.

Landilodi alikuwa amechoshwa na walevi waliokojolea ukuta wake. Kwetu kila lango lina onyo la mbwa, hata la mtu asiyefuga paka. Akachovya brashi, akaandika chini ya picha: MBWA KALI.

Kisha wapangaji wa ghorofa mpya wakalalamikia mbwa wanaozurura, wakatumwa wanaume wawili kuwaua. Walisoma ukuta, wakalitazama lile sikio. Bosco akawajia akitikisa mkia.

"Si ndiyo hii?" mmoja akauliza.

"Ati kari?" Cucu akapiga kelele. "Hii mbwa inaogopa kuku!"

"Cucu, imeandikwa."

Landilodi alikuwepo. Angesema neno moja tu, Bosco angepona. Alitazama saa yake. Wakatupa nyama yenye sumu, mmoja akimshika Cucu mikono. Bosco hakuigusa, alisubiri kuku waile kwanza, kama alivyozoea. Kuku hawakuja, akaila. Alifia miguuni pa Cucu, naye Cucu akamlaani landilodi mpaka sauti ikamkauka. Lakini dua la kuku halimpati mwewe. Yule bwana alizidi kunenepa na kujenga.

Leo mimi ni mpangaji wake, orofa ya nne. Bosco aliona miguu ya watu, mimi naona utosi wao, nyuso hatukujaliwa. Mwezi uliopita ukuta ulipakwa rangi upya. Walimfuta Bosco, wakafuta gambuti na mawe. Yale maneno mawili fundi aliambiwa ayaache, akayakoleza kwa rangi nyekundu. Ndani ya ploti hakuna mbwa.