Uvimbe Niliousubiri Uive

Andika kwanza, mjukuu wangu, kwamba mimi sikusoma, kisha andika kwamba kosa lilikuwa langu. Usilifiche kwa kisingizio cha heshima.

Goti langu lilipokataa kukunjika, mama yako alinitoa shambani Chiungutwa akanileta hapa Mkomaindo, mjini Masasi, karibu na hospitali. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba mbwa wangu aje nami. Miaka yote alikuwa amenifukuzia nguruwe pori katika mikorosho; nisingeweza kumwachia jirani kama jembe. Tukawekwa wote wawili ndani ya ua wa matofali wenye lango la chuma. Kila asubuhi mama yako alipokwenda kazini alilifunga kwa kufuli upande wa nje, akisema mbwa asije akauma watu. Kutoka kitini hadi langoni ni hatua kumi na nane, na siku nyingi sikuzimaliza.

Ulipokuja likizo kutoka chuo unakosomea tiba ya mifugo, ulimpapasa mbwa ukakuta uvimbe nyuma ya mguu wa mbele, laini kama bibo la mkorosho lililoiva. Ukauchoma sindano, ukatazama kilichotoka.

"Ni mafuta tu, Bibi. Si saratani. Ila mwalimu wetu anasema kuna watafiti wanaochukua mafuta ya uvimbe kama huu na kutafuta seli shina ndani yake. Ni chembe changa zinazoweza kugeuka gegedu, ile nyama inayokinga mifupa isisagane. Wanazikuza maabara, kisha wanajaribu kuwadunga mbwa wenye viungo vilivyolika."

"Vilivyolika kama goti langu?"

"Nimesema mbwa, mke mwenzangu. Wewe ni mbwa?"

Nilikuinulia fimbo, ukacheka. Ukaongeza kwamba hayo bado ni majaribio, na kwamba huku kwetu maabara ya namna hiyo haipo. Niliyasikia, sikuyapokea. Ukanishauri uvimbe uondolewe ungali mdogo, nikakataa.

Sababu sikukupa, nakupa leo. Sisi hatuchumi korosho mtini. Bibo huachwa likaiva na kuanguka lenyewe. Anayelitikisa mapema huokota korosho changa isiyofaa. Nilijiambia kwamba dawa iliyomo ndani ya mbwa wangu bado ni changa, na kwamba siku itakapokomaa, hiyo maabara nayo itakuwa imefika Masasi. Nami nitarudi shambani kwa miguu yangu.

Ukarudi chuoni. Mvua zikanyesha, zikakoma. Kila kufuli lilipolia nilimwita mbwa, nikaupima uvimbe kwa kiganja. Ulijaa kiganja, kisha ukakizidi, nami nikaridhika kama mtu anayetazama mkorosho wake ukichanua. Mguu sikuutazama. Siku moja nilimwita, akajaribu kuinuka, akakwama. Uvimbe ulikuwa umejaa kwapani na mguu hausogei. Alikuwa mbali nami hatua nne tu, lakini hakuweza kunijia, wala mimi sikuweza kumwendea. Goti lilikuwa limekaza tangu alfajiri. Tulitazamana hivyo mpaka mama yako alipofungua lango jioni.

Nikamwambia akupigie simu, anipe niseme mwenyewe.

"Njoo na daktari. Ukateni huo uvimbe."

"Si ulikataa, Bibi?"

"Nimesema ukateni."

Ulikuja na yule daktari wa mifugo uliyefanya naye mazoezi ya kazi Newala, mkamlaza mbwa juu ya meza barazani. Kilichotoka kilijaa bakuli, cha manjano, kama mafuta ya kuku. Niliomba nilishike bakuli. Lilikuwa vuguvugu.

"Hizo chembe zingali hai?"

"Kwa sasa. Bila maabara hazitadumu."

"Na uvimbe ulipokuwa mdogo, zilikuwemo?"

Ulikuwa umeanza kunielewa. "Zilikuwemo tangu mwanzo, Bibi. Hazingoji kuiva."

Nikakurudishia bakuli, ukalifukia lile fungu la mafuta nyuma ya jiko.

Ulipokwisha kutoa nyuzi za mshono na kuondoka, mbwa alitembea hadi langoni bila kuchechemea, akanusa chini ya chuma, akanigeukia. Kufuli lilikuwa mahali pake. Nikasimama kumfuata. Nilikwenda hatua kumi na moja. Usiandike kumi na mbili. Kisha goti likakataa, nikashika ukuta. Mbwa akazirudi zile saba zilizobaki, akakaa juu ya mguu wangu, na hapo tukangoja mama yako atoke kazini.