Chai Niliyomlazimisha Wifi Yangu

Nimekosa, na sina cha kujitetea. Mke wa kaka yangu nusura afe kwa sababu ya mdomo wangu.

Nauza chai ya kijani mnadani hapa Ikungi. Wifi alipopata mimba ya kwanza aliogopa kunenepa, nikampelekea pakiti. Nikamwambia, "Kunywa asubuhi, mchana na jioni. Haya ni majani tu, hayana madhara."

Siku moja alirudi kutoka kliniki ana wasiwasi.

"Dada, muuguzi kasema damu yangu ni ndogo. Vidonge vya damu nisimezee chai, maana inavizuia kufanya kazi mwilini, na hii ya kijani niipunguze. Kikombe kimoja kwa siku kinatosha."

Nilikasirika. Niliona wananiharibia biashara. "Hao wanatisha kila mtu," nikamjibu. "Mezea chai hiyohiyo, vidonge visikutapishe."

Mimi ni mkubwa kwake, akatii.

Siku ya kujifungua, hospitalini, alitokwa damu ya kawaida tu, lakini mwilini hakuwa na akiba. Akaishiwa nguvu kabisa. Kaka akawa anahangaika kutafuta ndugu wa kumtolea damu. Daktari akanigeukia: "Vidonge alikuwa anameza? Alikuwa anamezea nini?"

Nilijua. Nikasema, "Sijui, daktari. Labda alikuwa anavitupa."

Wifi alikuwa amefumbua macho. Alinisikia.

Namshukuru Mungu alipona, na mtoto yupo. Ila kaka aliamini maneno yangu. Mpaka leo akikasirika humwambia mbele ya watu, "Wewe ulitupa dawa, ulitaka kuniulia mtoto." Wifi humbeba mtoto akatoka nje.

Juzi tulikuwa wawili tu, tunapepeta uwele. Nikamwomba msamaha. Hakuniangalia.

"Mimi usiniombe," alisema. "Kamwambie kaka yako."

Sijamwambia. Nimeanza na ninyi kwa sababu hamnijui. Ndivyo nilivyo mwoga.

Dada mwenye mimba, chai hiyo si sumu, lakini ukiinywa iwe kidogo, na usiinywe karibu na saa ya kumeza vidonge vya damu. Muulize muuguzi, usimuulize muuzaji.

Na wewe uliyempotosha mtu, daktari akikuuliza, sema palepale. Ukichelewa, kosa lako atalibeba mwingine, nawe utakuwa unamtazama.