Mbuzi Mmoja kwa Wafadhili Watatu

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima alipoleta magunia sikumwambia hata asante. Nilinuna. Yalikuwa magunia yake ya vitunguu swaumu, ameyakung'uta na kuyakunja vizuri, akayaleta mwenyewe kutoka kijijini kwake Bashay ili nifungie vitu vya ofisi.

"Si umesema tunafunga?" akaniuliza. "Basi funga. Vitu havitajifunga vyenyewe."

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja Mbulu mjini, nyuma ya duka la pembejeo, na mimi ndiye mratibu wake. Kazi yangu ni ngumu kuieleza harusini. Watu wakiniuliza nafanya nini, nawajibu kwamba nafuatilia swaumu, nao wanacheka. Lakini ndiyo kazi. Swaumu ya kwetu ni ndogo, kali, inamtoa mtu machozi. Ile ya nje inakuja na meli, kubwa, nyeupe, imeoshwa kama inakwenda kanisani, na ikishafika sokoni Arusha bei ya kwetu inaanguka. Nani karuhusu iingie, kwa ushuru gani, na kwa nini iingie wakati sisi ndiyo tunavuna, hayo yote huamuliwa kwenye vikao vya biashara ambavyo mkulima wa Bashay havijui hata vinakaa wapi. Sisi tunazisoma zile sheria, tunazigeuza kuwa Kiswahili cha mtu mwenye jembe, kisha tunawapeleka wakulima wakaseme wenyewe. Ofisi ikifungwa, hakuna wa kusema.

Na ilikuwa inafungwa. Si kwamba hatukuwa na wafadhili. Tulikuwa nao watatu! Mmoja alilipia mafunzo tu. Wa pili alilipia utafiti tu. Wa tatu alilipia usafiri, ila gari lisivuke mpaka wa mkoa. Sasa niambie, kikao cha biashara cha nchi na nchi kimewahi kufanyika hapa kwetu Yaeda Chini? Tukawa na wakulima waliofunzwa, utafiti wao mkononi, wamesimama stendi hawana nauli. Pango la chumba hakuna aliyetaka hata kulisikia. Kila mmoja alikuja kututembelea kwa siku yake, akachinjiwa mbuzi wake, akauliza maswali yale yale, akadai ripoti yake kwa mpangilio wake. Nilishinda naandika kuhusu kazi badala ya kuifanya. Mwenye nyumba akachoka na ahadi zangu, akasema mwisho wa mwezi nimrudishie ufunguo.

Kabla ya mwezi kuisha, wafadhili wote watatu waliomba kuja mara ya mwisho kuona tulipofikia. Kwa kuwa wageni hupokelewa nyumbani kwa mwenyekiti, nilimwachia yeye apange siku kwa simu. Nilipoisikia siku aliyopanga nilipanda bodaboda hadi Bashay bila hata kuaga.

"Mama shikamoo. Umefanya nini?"

"Marahaba. Nimefanya nini?"

"Umewaita wote siku moja!"

"Ndiyo." Alikuwa anapepeta maharage, wala hakuinua kichwa. "Wanasaidia nyumba moja na hawajawahi kusalimiana. Hata wakwe hawafanyi hivyo. Halafu mbuzi wangu wameisha, nimebakiwa na mmoja."

Jamani, yule mama ni mkali kuliko swaumu yake. Nilimweleza kwamba wafadhili si wakwe. Kila mmoja akiwaona wenzake atasema, kumbe hawa wana watu wao, ataondoka, na tutabaki mikono mitupu. Fahali wawili hawakai zizi moja, na mimi naletewa watatu! Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nikateke maji.

Siku yenyewe magari matatu yaliingia uani yakaegeshwa kila moja upande wake. Alishuka mama mmoja mrefu kutoka Nairobi, Kiswahili chake kizuri. Akashuka binti kutoka Dar es Salaam, mwenye heshima, aliyewaamkia wakubwa wote shikamoo mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mzee wa Kizungu ambaye Kiswahili chake chote ni asante sana. Walipeana mikono kama watu waliokutana kwa bahati mbaya. Mvua ilikuwa inanyesha, tukawaingiza kwenye banda la kuhifadhia swaumu, wakakaa juu ya magunia.

Ikafika saa saba, na mbuzi bado amefungwa pale nje analia. Saa nane, bado analia. Chai imekwisha, ndizi zimekwisha, wageni wanatazamana.

"Mama," yule wa Nairobi akauliza, "huyu mbuzi anasubiri nini?"

"Anasubiri mchinjaji," mwenyekiti akamjibu. "Tuna mwenzetu Dongobesh, ndiye anayenunua swaumu yetu. Ni Muislamu. Njia imeharibika, lakini atafika."

"Lakini hapa wanaume wenye visu wapo."

"Wapo. Ila akichinja yeye, wote tunakula. Tukichinja sisi, yeye atashinda njaa, au nimtafutie mbuzi mwingine." Akawageukia wote watatu. "Kwa nini nichinje wawili, na chungu ni kimoja? Nyinyi ndiyo mmenimalizia zizi. Mmekula mbuzi watatu hapa, kila mtu na wake, kwa neno lile lile moja."

Mungu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Mzee wa Kizungu akamwomba yule binti amtafsirie. Binti akaniangalia mimi, akaangalia chini, akatafsiri taratibu. Halafu yule mzee akacheka mpaka akakohoa, mama wa Nairobi akampiga piga mgongoni, na huyo naye akaanza kucheka.

Nadhani ni njaa iliyofanya kazi iliyobaki, maana mwenye njaa hana subira ya adabu nyingi. Mama wa Nairobi alimuuliza binti wa Dar ripoti yao wanaitaka mwezi gani. Binti akataja. Mzee, binti akimtafsiria, akataja wa kwake. Wakaulizana mnauliza nini humo, na kila mmoja akisema, wenzake wanaitikia kwa kichwa: na sisi hilo hilo. Binti alisema, kwa sauti ndogo, kwamba shirika lake lingetaka sana wakulima wafike kwenye vikao, ila lilidhani kuna mwingine anayelipia nauli. "Na sisi tulidhani ni nyinyi," akasema mama wa Nairobi. Mimi nilikuwa mlangoni na birika tupu, masikio yote ndani.

Ndipo mama huyo akaniita. "Dada, wewe ungepewa nafasi ya kuchagua, ungetaka nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya semina. Yote yalinitoka. "Nataka pango," nikasema. "Nataka nauli ya kufika kikao kinapofanyika, si pale mkoa unapoishia. Na ripoti niandike moja, mnisome wote." Nilisema kwa hasira, si kwa woga. Mara pikipiki ikaingia uani.

Mwenzetu wa Dongobesh alikuwa na tope mpaka magotini. Tukamwamkia. "Marahaba, marahaba. Mbuzi bado mzima?" Akanawa, akaomba kisu, akamlaza mbuzi kuelekea Kibla, akataja jina la Mungu wake. Chakula kilipoiva mwenyekiti akasali kama wanavyosali kanisani kwake, akatuambia tule. Tulikula wote kwenye masinia yale yale, na sikumbuki nyama iliyowahi kunikaa vizuri namna ile.

Wakaondoka wakiaga kwa furaha, lakini furaha ya mgeni aliyeshiba hailipi pango. Siku zikapita kimya. Ndiyo hapo mwenyekiti alileta magunia, nami nikafunga mafaili, ubao, redio ya ofisi, mpaka sufuria ya chai. Kila kitu kikanuka swaumu.

Simu iliita nikiwa nakunja pazia. Alikuwa mama wa Nairobi. Mashirika mawili, alisema, yataweka fedha zao kwenye kapu moja. La tatu, la yule mzee, sheria zao haziruhusu kapu, lakini watalipa pembeni na watapokea ripoti ile ile na kuja ziara ile ile. Yeye mwenyewe atakuwa kama dada mkubwa, maswali yote yatapitia kwake. Nauli itafika popote kikao kilipo.

"Na pango?" nikauliza.

"Pango ndilo tuliloanza nalo."

Nilikaa chini sakafuni, katikati ya magunia, nikalia kama mtoto. Swaumu ya nje haikuwa imeondoka sokoni, hilo nalijua, na bado inaingia. Lakini tulikuwa na mlango wa kufungua asubuhi.

Nikampigia mwenyekiti. Nikasikia anavuta kamasi, na huyo si mtu wa kulia. Kisha sauti yake ya kila siku ikarudi. "Sasa toa vitu. Na magunia yangu uyalete leo, nimeanza kung'oa."

Niliyapeleka jioni ile ile. Alikuwa shambani, tope mpaka viwikoni. Akapokea gunia moja, akalinusa, akakunja uso. "Yananuka karatasi," akasema.

"Yatarudia harufu yake, mama."

"Basi shika tuta hilo. Wiki ijayo nakwenda kuwasemesha hao watu wa biashara. Unadhani hii swaumu itajing'oa yenyewe?"

Nikainama, nikashika tuta.