Mtungi Usio na Mshale

"Urudishe, wifi. Leo hii hii."

"Nirudishe mtungi mpya wa kuzimia moto, una mshale wake, nilete lile dude lisilo na hata saa ya kupimia?"

Mtunza mashine ananusa hewa. Kiganja chake kiko ukutani, kando ya soketi, na ukuta una joto.

Ni saa nne asubuhi ndani ya chumba cha kutotolesha vifaranga, hatua tano kwa nne, dirisha moja. Mashine mbili kubwa kama kabati zinanguruma. Zimebeba mayai elfu moja na mia nne, na leo ni siku ya kumi na tisa kati ya ishirini na moja.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na saba ameyatunza mayai humu kwa miaka tisa. Mashine ni za dada wa mumewe, huyo anayegombana naye. Katika kila vifaranga kumi vinavyouzwa, kimoja ni chake. Ndivyo alivyosomesha mabinti wawili.

Hofu yake haikuanza leo. Mwaka jana waya uliwaka nyuma ya mashine, naye akakimbilia ndoo ya maji.

"Fundi umeme alikuwa mlangoni. Alinivuta gauni nikaanguka kifudifudi, nikamtukana matusi yote ninayoyajua," anasema. "Kumbe ndiye aliyeniokoa. Ningemwaga yale maji, umeme ungenirudia mimi."

Fundi alizima swichi kubwa, na moto ukafa wenyewe.

Tangu hapo ameuliza maduka matatu. Mtungi wa maji ameukataa, na wa povu vilevile, kwa sababu yote miwili hupitisha umeme. Wa unga unafaa, ila unga ule ungejaa kwenye feni na juu ya mayai. Akachagua wa gesi ya kaboni, usioacha hata vumbi. Nao una masharti: zima umeme kwanza, puliza, kisha toka, maana gesi hiyo hufukuza hewa kwenye chumba kidogo.

Jumamosi wifi yake akaenda kuununua. Akaugeuzageuza, hakuona saa ya kuonyesha shinikizo. Akadhani anauziwa mtungi mtupu. Kwa bei ileile akachukua mwingine, mnene zaidi, mshale wake umesimama kwenye kijani. Wa maji.

"Mitungi yote ni myekundu," anajitetea. "Nilijua moto ni moto."

"Na dawa ni dawa? Ukiumwa jino unameza ya minyoo?"

Wifi anacheka, halafu anaacha ghafla. Ameisikia na yeye: harufu ya plastiki inayoungua.

"Ule wa gesi hautazamwi mshale, unapimwa uzito," mtunza mashine anaendelea, sasa kwa haraka. "Uzito wake umeandikwa kwenye mtungi. Mwambie muuzaji auweke kwenye mizani mbele yako."

"Fundi anakuja saa sita. Tungoje tu. Ukizima, vifaranga vyote vinakufa!"

"Mayai ya siku hizi za mwisho yana joto lao. Nikiyafunika yatavumilia saa mbili tatu. Mimi nikiungua, nani atanifunika?"

Akija fundi, anasema, atamwomba ahamishe swichi kubwa kutoka nyuma ya mashine na kuiweka nje ya mlango, na mtungi utundikwe hapohapo. Anataka kufanya kazi miaka mingine tisa bila kulala na sikio moja wazi.

Soketi inatoa mlio mdogo, kama mafuta kwenye kikaango.

Mtunza mashine anaondoka ukutani. Anajibana nyuma ya mashine ya pili, anainua mkono, anashusha swichi.

Feni zinazunguka taratibu, zinasimama. Katika ukimya huo, kutoka ndani ya maganda ambayo hayajapasuka, vinasikika: vifaranga vinalia.

Wifi anaupakata mtungi wa maji na kutoka mbio kuelekea dukani. Mtunza mashine ameshaanza kukunjua mablanketi.