Kiswahili cha Mkutano

Enzi zetu, kule upande wa Kesses, Kiswahili kilikuwa kama nguo: kulikuwa na cha shambani na kulikuwa na cha mkutano. Cha shambani tulikiburuta kila siku, hata kikichanika hakuna aliyejali. Cha mkutano kilikuja na redio na uhuru, na baba yangu alikipenda kuliko chai ya maziwa.

Miaka hiyo wazee walikuwa wamechanga na kununua shamba la mzungu aliyerudi kwao, sasa ikabaki kugawana. Mama alitaka kitu kimoja tu, kipande cha kando ya mto. Alikuwa amebeba maji kichwani tangu aolewe na shingo ilikuwa imechoka. Baba akasema aachiwe yeye, maana mambo ya kamati yana lugha yake.

Alifanya mazoezi na sisi watoto. Ukitaka kuongezewa ugali ulisimama wima, ukasema, "Ndugu mwenyekiti, naomba fursa." Kaka yangu mdogo nusura alale njaa kwa kusema tu "niongeze".

Siku yenyewe tulikaa kwenye nyasi mbele ya ghala la mahindi. Baba akasimama na koti lake la Krismasi. Akataja uhuru, akataja umoja, ujenzi wa taifa na matunda ya jasho letu. Watu walipiga makofi mpaka mbwa wakabweka. Alipoketi, mwenyekiti, ambaye alikuwa mdogo wake, alimwinamia karani akamuuliza mzee ameomba nini. Karani hakujua. Baba mwenyewe alipoulizwa, akaanza tena na uhuru.

Mama akainuka, mtoto mgongoni. Hakuomba fursa.

"Shemeji," akasema, "chai unakunywa kwangu kila siku, na maji yake unajua natoa wapi. Mimi nataka ile shamba iko karibu na mto."

Wanaume wakatazama viatu vyao, wale waliokuwa navyo. Kisha akina mama wakaanza kucheka, wazee wakacheka nao, na kipande kikawa chetu. Tulipofika nyumbani baba akasema kwamba yeye alikuwa anamtengenezea njia.

Vijana wa leo hawana cha shambani wala cha mkutano. Wana kimoja tu, cha simu, na wanakitumia hata kwa mchungaji. Juzi mjukuu wangu, chapati yangu bado iko mdomoni mwake, aliniambia mimi nyanya yake, "Shosho, hiyo ploti ya mto si tuuze? Iko na doo." Doo kwao ndiyo pesa.

Mama angemjibu hapo hapo. Mimi niliikumbuka ile shingo yake, nikaacha Kiswahili cha kila aina. Nilimpa debe tupu, nikamwonyesha kilima tulichokuwa tukipanda zamani na maji kichwani, kabla ya kupata kipande hicho.